Farasi Aliyesoma Shingo za Watu

Kiangazi cha mwaka 1904, katika ua mmoja wa Berlin uliozungukwa na nyumba za kupanga, watu walifika karibu kila siku kumtazama farasi akifanya hesabu. Jina lake Hans. Ukimuuliza tatu na nne ni ngapi, aliinua mguu wa mbele wa kulia akagonga ardhi mara 7, kisha akatulia. Alijumlisha hata sehemu, alitaja siku ya wiki kwa tarehe uliyompa, alihesabu watu waliosimama mbele yake, na aliendeleza maneno kwa ubao ambao kila herufi ilikuwa na namba za safu na mstari wake. Kwa ndiyo aliinamisha kichwa, kwa hapana alikitikisa. Akipatia, alipewa kipande cha mkate au karoti.

Mwenye farasi alikuwa Wilhelm von Osten, mwalimu wa hisabati aliyestaafu. Alikuwa amemfundisha Hans kwa takriban miaka minne, kama mtu anavyomfundisha mtoto wa darasa la kwanza: kwa vigingi vya mbao, kwa fremu ya shanga za kuhesabia, kwa chati za herufi. Hakutoza kiingilio. Hilo ndilo lililowachanganya watu zaidi, maana tapeli asiyechukua pesa ni kiumbe adimu.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi, na karibu mara zote upande mmoja. Wasimulizi humtazama farasi: kumbe hakujua hesabu, kumbe alikuwa anawasoma watu, na hadithi inaishia hapo. Mimi nataka tuwatazame wale waliokuwa wakisomwa. Mwili wa kila mmoja wao ulitoa jibu ambalo mwenyewe hakukusudia kulitoa, hakujua kwamba amelitoa, na angeapa kwamba hakulitoa. Leo wako wanaoning'iniza pete kwenye uzi ili iwajibu maswali, wanaobonyezwa mkono ili misuli iseme kama dawa fulani inawafaa, wanaosubiri kidole kiinuke chenyewe wakiwa wamepumbazwa kwa hipnosi, ule usingizi wa kuelekezwa na tabibu. Dai lao ni moja: kwamba misuli isiyoamriwa inajua mambo ambayo mwenye misuli hayajui. Sijui mahali pazuri pa kulipimia dai hilo kuliko ule ua wa von Osten.

Tume ya watu 13

Watu walishuku kwanza kile ambacho yeyote angekishuku, yaani ishara za siri. Lakini Hans aliwajibu hata wageni, tena von Osten akiwa hayupo. Mmoja wao alikuwa Carl Georg Schillings, yule Mjerumani aliyepata sifa kwa kupiga picha za wanyama usiku, kwa mwanga wa kumulika, katika nyika za Afrika Mashariki. Mtu aliyekwisha kukesha gizani akimsubiri simba apite mbele ya kamera huwezi kumwita mgeni wa wanyama. Alikuja na mashaka yake, akamuuliza Hans wakiwa wawili tu, akajibiwa sawasawa, akatoka pale akiwa mtetezi wake mkubwa. Habari zikavuka bahari. Tarehe 4 Septemba mwaka huo gazeti la New York Times likamwandika.

Mwezi huohuo ikakaa tume ya watu 13. Alikuwamo Carl Stumpf, mkuu wa taasisi ya saikolojia ya Chuo Kikuu cha Berlin; alikuwamo Ludwig Heck, mkurugenzi wa bustani ya wanyama; na alikuwamo mwenye sarakasi Paul Busch, ambaye kazi iliyomlisha ilikuwa kujua jinsi farasi anavyofundishwa kujifanya ana akili. Wakatazama, wakauliza, na tarehe 12 Septemba wakatoa taarifa: hapana hila yoyote hapa, wala ishara za kukusudia za aina inayojulikana.

Wengi waliisoma taarifa hiyo kana kwamba imesema farasi ana akili ya binadamu. Haikusema hivyo. Ilisema tu kwamba hakuna anayedanganya, na kweli hakuna aliyekuwa anadanganya. Kosa lilikuwa kudhani kwamba mambo ni mawili, ama udanganyifu ama akili, na kwamba ukiondoa la kwanza umebaki na la pili. Kulikuwa na la tatu, na lilikuwa linatendeka mchana kweupe mbele ya macho 26 ya wataalamu.

Ndani ya hema

Stumpf akamwachia kazi msaidizi wake, Oskar Pfungst. Kuanzia Oktoba majaribio yalifanyika ndani ya hema la turubai lililosimamishwa uani, ili watazamaji na kelele zao wabaki nje. Pfungst aliuliza kwa njia mbili. Ya kwanza, muulizaji anajua jibu. Ya pili, hajui. Basi. Ukisikia leo ni jambo dogo, lakini kwa miaka yote ile hakuna aliyewahi kuyatenganisha mawili hayo kwa utaratibu. Nani huuliza hesabu ambayo yeye mwenyewe hajui jibu lake?

Wakaanza na kadi zenye namba. Muulizaji akiiona kadi, Hans alipatia karibu kila mara. Farasi akionyeshwa kadi bila muulizaji kuitupia jicho, alipatia chini ya mara moja katika kumi. Wakaja kwenye kujumlisha. Von Osten alimnong'oneza farasi namba moja sikioni, Pfungst akamnong'oneza nyingine, kila mmoja asijue ya mwenzake. Aliyekuwa na namba zote mbili ni Hans peke yake. Katika majaribio 31 ya namna hiyo alipatia 3. Jumla ilipokuwa inajulikana na muulizaji, alipatia 29 kati ya 31.

Kwa hiyo elimu haikuwa ndani ya farasi, ilikuwa ndani ya mtu aliyesimama kando yake. Sasa ilivukaje? Kwa sauti haikuwa, kwa sababu Hans alijibu hata maswali yaliyoulizwa kimoyomoyo, midomo imefumbwa. Pfungst akamvika farasi vipande vipana vya kumziba macho upande aliosimama muulizaji. Alipomwona muulizaji, majibu sahihi yalikuwa asilimia 89. Alipomkosa machoni, asilimia 6. Tena Hans mwenyewe alitoa ushahidi bila kuulizwa: alivuta kamba, akapinda shingo, akahangaika kumtafuta muulizaji kwa namna ambayo hakuwahi kuionyesha kabla. Huyu ndiye farasi ambaye hakuwa anaitazama kadi aliyotakiwa kuisoma, wala vitu alivyotakiwa kuvihesabu. Mnyama asiyetazama kitabu lakini akamlilia mwenye kitabu ameshakuambia maandishi yako wapi. Giza lilipoanza kuingia jioni, makosa nayo yaliongezeka.

Milimita moja

Hapa ndipo kisa kinapoiva, na hapa ndipo wasimulizi wengi hupita mbio.

Muulizaji akimaliza swali, huinama kidogo mno, kichwa na kiwiliwili vikielekea mbele, ili autazame mguu wa farasi. Kumbe hiyo ndiyo amri ya kuanza. Anabaki hivyo shingo imekaza, anahesabu moyoni sambamba na kwato. Inapofika namba anayoitarajia, kitu kinalegea ndani yake na kichwa kinanyanyuka. Mnyanyuko wenyewe ni mdogo kiasi kwamba kwa baadhi ya watu haukufika hata milimita 1. Hans aliuona, akausimamisha mguu. Muulizaji hakuhisi chochote isipokuwa furaha ya kuona kwamba farasi amepatia.

Mpangilio huu una maana yake. Muulizaji hakuona namba sahihi imefika kisha akaamua kuashiria. Kulegea kulikuja kwenyewe, kama pumzi unayoishusha pikipiki iliyokuwa inakujia ikishakupita. Hujaamua kuishusha. Imeshuka, na labda ndiyo kwanza unagundua kwamba ulikuwa umeibana.

Pfungst alipoyajua hayo aliyapima kwa makusudi. Aliinama bila kuuliza swali lolote, Hans akaanza kugonga. Aliponyanyuka, Hans akaacha, iwe ni mara 4 au mara 14. Alipoinama zaidi, kugonga kukaongezeka kasi. Swali halikuhitajika kabisa. Miaka minne ya vigingi na shanga na chati, na kilichofundishwa ni kuitazama shingo.

Makosa ya Hans yananivutia kuliko majibu yake sahihi. Mengi yalikuwa ya moja tu, moja pungufu au moja zaidi. Farasi asiyejua hesabu angekosea ovyo. Anayesoma mkazo wa mtu hukosea pale mtu anapolegea mapema kidogo au akachelewa kidogo. Alipotakiwa kuchukua kitambaa cha rangi fulani katika vitambaa vilivyopangwa mstari, mara nyingi kosa lake lilikuwa kuchukua cha jirani. Mwili wa muulizaji ulielekea upande ule, na Hans aliufuata, lakini mwili hauonyeshi kwa ncha ya sindano. Von Osten yeye aliyaita makosa hayo ukaidi wa farasi.

Kisha kuna habari ya Pfungst mwenyewe. Alipoanza kumuuliza Hans alijibiwa vizuri, naye ni mtu aliyekuja pale akitafuta mitikisiko hiyohiyo. Bado hakuihisi mwilini mwake. Ilibidi aione kwa wengine kwanza ndipo ajikamate nayo, na hata baada ya kujua, kuizuia kulimtaka juhudi. Kujua kwamba shingo yako inasema hakuizibi mdomo.

Akaihamishia kazi maabara, na huko yeye ndiye akawa farasi. Aliwaita watu 25, watoto kwa watu wazima, wake kwa waume, asiwaambie anachokitafuta. Mtu anawaza namba, Pfungst anagonga meza kwa mkono wa kulia akimtazama, anasimama pale anapoona kichwa kimemwambia. Kati ya 25 ni 2 tu ambao hawakuutoa ule mnyanyuko. Alifika mahali akaweza kutambua kama mtu anawaza juu au chini, ndiyo au hapana. Chombo kilichochora mitikisiko ya kichwa na mwendo wa pumzi kikathibitisha kwamba hakuwa anaota.

Kwa hiyo tusiseme kwamba wale waliofika uani walikuwa wepesi wa kudanganyika. Karibu sote tumeumbwa hivyo.

Misuli inasema nini hasa

Jambo hili lilikuwa na jina hata kabla Hans hajazaliwa. Mwaka 1852 Mwingereza William Carpenter alieleza kwamba wazo peke yake, bila nia, linaweza kuusogeza msuli, na akaliita kwa neno ambalo kwa matamshi yetu ni ideomota. Miaka 19 kabla yake, Mfaransa Michel Eugène Chevreul alikuwa amemwandikia mwanafizikia Ampère kuhusu timazi aliyoishika kwa vidole juu ya zebaki: ilicheza vizuri alipoitazama, na ilikufa alipofungwa macho. Mwaka 1853 mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday akawapima watu waliozunguka meza iliyosogea "yenyewe" chini ya mikono yao, akaonyesha kwamba mikono ndiyo iliyotangulia na meza ikafuata. Wenye mikono walikana kwa dhati kabisa.

Kiswahili nacho kina ushahidi wake. Tunasema jicho linanicheza, msuli unanicheza, na machale yamenicheza. Kitenzi ni kimoja. Ule mtikisiko usioamriwa, na ile hali ya kujua jambo kabla hujajua kwamba unalijua, lugha imeviweka chumba kimoja. Si hoja ya kisayansi, lakini mtu anayetazama mpira na mguu wake ukarusha teke pale mshambuliaji anapokaribia goli anajua hicho chumba kipo.

Swali ni kama katika chumba hicho kuna elimu, au kuna matarajio tu.

Kisa cha Hans kinatoa majibu mawili makavu. La kwanza: elimu haikuzalishwa na misuli. Muulizaji alipokuwa hajui, shingo yake haikuwa na la kumwambia farasi. La pili, nalo ni zito zaidi: muulizaji alipokosea hesabu kichwani mwake, Hans alikosea pamoja naye. Shingo haikuwa na habari ya jibu sahihi. Ilikuwa na habari ya jibu lililotarajiwa. Mara nyingi hayo mawili yalikuwa kitu kimoja, kwa sababu waulizaji walikuwa watu wazima wanaojua tatu na nne ni ngapi, na ndiyo maana Hans alionekana ana akili. Angezungukwa na watu wasiojua hesabu, angeonekana mjinga, na sababu ingekuwa ileile.

Je, dai la wenye pete na uzi limekufa hapo? Ningependa kusema ndiyo, ili mambo yawe mepesi, lakini si haki. Waulizaji wa Berlin walilijua jibu waziwazi. Kilichofichika ni kule kuvuja kwake tu. Wanaodai kwamba misuli ni mlango wa akili iliyo chini ya fahamu wanazungumzia kitu kingine: jibu ambalo limo ndani ya mtu lakini yeye mwenyewe halifikii. Hans hakupimwa kwa hilo.

Wengine walilipima. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walitoa matokeo ya jaribio lililotumia ubao wa Ouija, ule ambao watu huweka vidole juu ya kigari kidogo na kigari kinateleza kuelekea ndiyo au hapana. Washiriki waliulizwa kwanza maswali ya ujuzi wa kawaida kwenye kompyuta, nao wakasema kwa kila swali kama wanajua au wanabahatisha. Kisha wakaulizwa kwa ubao, macho yamefungwa, wakiamini kwamba kuna mwenzao upande wa pili anayeshika kigari pamoja nao. Mwenzao alikuwa ameondoa mikono kimyakimya. Kilichosogeza kigari ni mikono ya mshiriki peke yake, naye hakujua.

Kwenye maswali waliyosema wanayajua, ubao haukuwaongezea kitu. Kwenye yale waliyosema wanabahatisha, majibu yao ya kawaida yalikuwa sahihi kwa asilimia 50, sawa na kurusha sarafu. Kwa ubao yalikuwa sahihi kwa asilimia 65.

Mimi nililisoma hilo nikiwa nimejiandaa kucheka, na sikucheka. Asilimia 15 hazikutoka hewani. Zilitoka kwenye mambo ambayo watu hao waliwahi kuyasikia au kuyasoma mahali, yakazama, na mkono usiosimamiwa ukayafikia pale ambapo ulimi haukuyafikia. Hapo machale yana haki ya kuitwa ujuzi.

Lakini angalia nani alijua kwamba ni asilimia 65. Ni watafiti, kwa sababu wao walikuwa na karatasi ya majibu. Mshiriki mwenyewe, kigari kikishasimama kwenye ndiyo, hana njia ya kujua kama hili ni mojawapo ya majibu mawili mazuri au ni lile la tatu lililo baya. Mkono unateleza vilevile, kwa ulaini uleule. Kule Berlin pia, shingo iliyotarajia jibu baya ilinyanyuka sawa na ile iliyotarajia jibu jema. Misuli haina lafudhi tofauti kwa ukweli na kwa matumaini.

Hapo ndipo matumizi mengi ya leo yanapoanguka. Chukua kupima misuli, kazi iliyoanzishwa Marekani mwaka 1964 na George Goodheart, tabibu wa viungo. Mgonjwa ananyoosha mkono, anashika chupa ya dawa au kirutubisho, mpimaji anausukuma mkono chini. Ukishuka, dawa haimfai, ukikaza, inamfaa. Kuna miili miwili pale na yote miwili ina matarajio. Mpimaji hajui kwamba amesukuma kwa nguvu zaidi safari hii, na mgonjwa hajui kwamba amelegea. Wanaonana na kugusana ngozi kwa ngozi, tofauti na Hans aliyekuwa na macho tu. Ukifanya alichofanya Pfungst, yaani chupa zikafungwa kwa namna ambayo hakuna kati ya wawili hao anayejua kilichomo, uwezo unayeyuka. Majaribio ya namna hiyo, kwa sehemu kubwa, yamekuta kubahatisha.

Kali kuliko yote ni ile ya kuwashika mkono watu wenye usonji wasiozungumza ili waandike kwa kibodi. Ilienea Marekani miaka ya 1990 mwanzoni. Wazazi walisoma sentensi kamili, za mapenzi na za ucheshi, kutoka kwa mtoto ambaye hawajawahi kumsikia akitamka neno. Mwaka 1993 yalichapishwa majaribio yaliyofanyika katika kituo kimoja cha jimbo la New York: watu 12 wenye usonji, wasaidizi 9, na picha zilizoonyeshwa kila mmoja bila kuona ya mwenzake. Katika majaribio 180 hakuna hata moja ambalo neno sahihi lilipatikana bila msaidizi kuiona picha. Msaidizi alipoonyeshwa picha tofauti na ya mwenzake, picha iliyoandikwa mara nyingi ilikuwa ile aliyoiona msaidizi. Walikuwa watu waaminifu kama von Osten, na wenye huruma kuliko yeye. Kwa maneno yaliyotoka kwenye vidole vilivyoshikwa namna hiyo, baadhi ya wazazi walituhumiwa kuwadhulumu watoto wao kingono, familia zikatenganishwa. Shingo iliyotikisika milimita 1 kwa ajili ya karoti ni kichekesho. Hii si kichekesho.

Swali ninaloliuliza sasa ninapokutana na kisa cha namna hii ni lile la hemani: nani alilijua jibu, na aliyelipokea alikuwa anamwona? Likifuatiwa na la pili, ambalo Hans ananilazimisha kuliongeza: je, hapa kutarajia na kujua ni kitu kimoja?

Maana kuna mahali ambapo ni kitu kimoja. Ukirusha sarafu ili uamue kati ya kazi mbili, na ikiwa bado hewani ukajikuta umebana pumzi ukiomba upande mmoja, mwili umekujibu, na safari hii hauna wa kuubishia. Swali lilikuwa "nataka nini", na matarajio ndiyo jibu lenyewe. Pete kwenye uzi inaweza kufanya kazi hiyohiyo, wala sioni ubaya wake. Nimeona watu wakiitumia kugundua kwamba wameshaamua zamani na wanaona aibu kukiri. Ubaya unaanza pale swali linapotoka nje ya ngozi ya muulizaji: dawa hii inatibu, mtu huyu ni mwizi, maji yako chini ya jiwe hili. Misuli itajibu vilevile, bila kusita, kwa sababu haijui kwamba umebadilisha aina ya swali. Hata baadhi ya matabibu wa hipnosi wanaotumia kidole kinachoinuka chenyewe huteleza hapo. Wanaanza na "uko tayari kulizungumzia jambo hili?", ambalo kidole kina haki ya kulijibu, na wanaishia na "lilitokea ulipokuwa na umri gani?", ambalo kidole kitalijibu pia.

Pfungst alichapisha kitabu chake mwaka 1907. Von Osten alifariki mwaka 1909, na Hans akachukuliwa na Karl Krall, mfanyabiashara wa mji wa Elberfeld, Ujerumani, ambaye naye alifundisha farasi wengine wa kuhesabu kana kwamba hema lile halikuwahi kusimamishwa.

Kinachonibaki mimi ni siku moja ya katikati ya majaribio. Von Osten alikuwapo wakati muulizaji asiyejua jibu alipouliza, akaona kwa macho yake Hans akigonga na kupitiliza, swali baada ya swali. Kwanza alishangaa, kisha akapandwa na hasira, na hasira hiyo aliielekeza kwa farasi. Haikumjia kumkasirikia mtu mwingine yeyote uani pale. Kesho yake walimkuta imani yake imerudi yote, kama jana haikuwapo. Alikuwa tayari kuuliza tena, na swali likiisha kutamkwa, kama kila mara, kichwa chake kiliinama kidogo kuelekea kwenye kwato.